Er ya Rori

Kwenye ukuta wa ukumbi mmoja pale Thika, upande unaopigwa na jua la asubuhi, kuna majina ya wanawake walioshinda mbio zetu, mwaka kwa mwaka, kwa rangi nyeusi. Mstari wa tatu ni wangu. Yaani, ulitakiwa uwe wangu. Nitaeleza, lakini msinikimbize, nilishakimbia vya kutosha nilipokuwa bado na magoti.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Si kwamba naona haya. Ni kwamba kila mara jina langu likiandikwa na mkono wa mtu mwingine halifiki likiwa zima, na maneno haya yatapita mikono mingi kabla ya kukufikia. Jueni tu hivi: jina langu la kanisani linaanza na R, na jina langu la nyumbani, la kwetu magharibi, lina L katikati. R mbele, L nyuma. Ukishika hilo umeshika kila kitu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini hiyo L nilichapwa kwa ajili yake mpaka nikaijua, na sikubali mtu aichezee.

Sasa, wenyeji wa Thika na Ruiru, Wakikuyu, kwao L ni mgeni. Ikibisha hodi, R ndiyo hufungua mlango. Lami ni rami, lori ni rori, kulala ni kurara. Siwacheki. Sisi watu wa magharibi tuna yetu: mimi nikisema gari watu husikia kari, na nikimwita baba mtu hudhani namtafuta Papa wa Roma. Kila mtu na ulimi wake. Shida huanza ulimi ukishika kalamu.

Mbio zenyewe zilianza kwa ugomvi wa mazishini. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, mashine ya kusokota nyuzi, unasimama shifti nzima na ukitoka masikio yanaendelea kulia kama bado uko ndani. Nilikaa Kiandutu, chumba kimoja, na bwana yangu na mtoto wetu msichana. Siku moja tulienda kumzika mtu, nani sikumbuki, anisamehe huko aliko, na hapo tukakutana na wanawake wanaochuma kahawa mashambani Ruiru. Mmoja wao akasema sisi wa kiwandani tunafanya kazi kivulini kama maharusi. Sisi tukamjibu kwamba wao huchuma wakiimba, hiyo ni kazi ama ni kwaya? Maneno yakapanda mpaka mhubiri akafunga Biblia kutungoja. Mwishowe mama mmoja mnene, ambaye hata hakukimbia baadaye, akasema, "Si basi mkimbie! Kutoka Thika mpaka Ruiru. Wa kwanza akifika tutajua nani wana miguu."

Hiyo ndiyo historia. Siku hizi ukisikia ikisomwa kwenye kipaza sauti utaambiwa mbio zilianzishwa kwa nia ya kuinua afya ya mwanamke. Afya gani? Ilikuwa kiburi.

Mwaka wa kwanza tulikimbia kwenda tu. Sketi, leso kiunoni, wengi miguu mitupu. Mwanamke mmoja alisimama kununua ndizi, akala, akaendelea, na bado akawa wa nne. Alishinda mtu wa kahawa. Tukaanza kuziita marathoni, mpaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi akatuharibia raha, akasema hiyo ni nusu tu, marathoni ni mara mbili ya hapo. Basi mwaka wa pili ikawa kwenda Ruiru na kurudi Thika. Aliyefika wa kwanza hakuwa na jasho hata tone. Tukamshangilia, tukambeba juu, na tukiwa tumembeba hivyo mtu akaona unga mweupe wa mawe umejaa kwenye sketi yake upande wa nyuma. Alikuwa amerudi na lori la mawe ya kujenga. Tukamshusha.

Kwa hivyo mwaka wa tatu tukachagua kamati, nayo ikaweka mtu pale Ruiru na chupa ya wino, kila anayegeuka anachovya kidole kama mtu wa kupiga kura. Na pale mwisho, Thika, wakaweka meza na karani wa kiwanda chetu, na daftari.

Mwaka wa tatu ndio wangu.

Nilifanya mazoezi bila kujua ni mazoezi. Nilikuwa na mbuzi kule Gatuanyaga, nje ya mji, nimemwekesha kwa mama mmoja tuliyekuwa naye kanisa moja, kwa sababu Kiandutu utafuga mbuzi wapi, kitandani? Kila Jumapili mchana nilienda kumwona, na kwa kuwa Jumatatu asubuhi nilikuwa shifti ya kwanza, nilikimbia kwenda na kukimbia kurudi, vumbi mpaka kwenye kope. Huyo mbuzi alikuwa na tabia mbaya. Alikula kitambaa changu cha kichwa, kile cha kijani, mbele ya macho yangu, na akaniangalia. Lakini miguu alinipa yeye.

Bwana yangu alisema, "Mwanamke mzima unakimbia na hakuna mtu anakufukuza?" Hata hivyo akaniazima raba zake. Nikaweka matambara kwenye vidole. Kufika Ruiru raba zilikuwa zinanipiga makofi kwenye visigino, na singeweza kuzitupa, angeniuliza. Nikachovya kidole kwenye wino, nikavua raba, nikazishika mkononi, moja huku moja huku, nikarudi Thika hivyo. Juja nilikuwa wa tano. Wanaume waliokaa kando ya barabara walipiga kelele, "Mama! Hizo viatu unapelekea nani?" Sikuwa na pumzi ya kuwajibu. Nilipoona paa za viwanda vya Thika, mbele yangu kulikuwa na mtu mmoja, halafu hakukuwa na mtu. Sijui kusema vizuri hali ilivyokuwa. Barabara ilikuwa tupu, na ilikuwa yangu.

Nikafika kwenye meza. Karani, mtu mzuri sana, kila mwezi alitutendea haki kwenye karatasi zake za mshahara, akauliza, "Jina?"

Nikamwambia.

Akalirudia. R mbele, R nyuma.

Na mimi nikasema, "Ndiyo."

Hapo. Hapo ndipo nilipojiloga mwenyewe. Lakini nani angekataa? Kwa miaka yote niliyokaa Thika, hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa L isipokuwa mama yangu alipokuja kunitembelea. Nilizoea. Ilikuwa kama kuitwa huku umefungwa kitambaa mdomoni, unajua tu ni wewe. Nikapewa blanketi, lile zito la mistari, na sufuria mbili, nikabebwa juu, na safari hii hawakumshusha mtu.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Mama Mapacha. Huyu alikuwa mchuma kahawa, anakaa Mwihoko, upande wa Ruiru, mama wa watoto mapacha, kwa hivyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Jina lake la kanisani ni kama langu. La nyumbani kwao ni kama langu pia, herufi kwa herufi, ila pale katikati yeye ana R. R yake ni ya haki, alizaliwa nayo. Alikimbia mwaka ule ule. Na karani alikuwa amepanga nyumba Ruiru miaka ya nyuma, ukuta mmoja na dada yake Mama Mapacha, jina hilo analijua tangu zamani. Kwa hivyo sikio likasikia R, na mkono ukaandika jina ulilokuwa ukilijua.

Miaka ikapita na hakuna aliyejua kitu. Kisha kamati, ambayo sasa ilikuwa na mwenyekiti, katibu na viti vya plastiki, ikaamua historia ya mbio iandikwe ukutani. Wakachukua lile daftari, wakampa fundi wa kuandika mabango. Mimi sikuenda kusoma. Najua nilishinda, nisome nini?

Msichana wangu ndiye aliyesoma. Shule yao ilipelekwa pale ukumbini kwa mambo ya kuimba, na mwalimu akawaonyesha ukuta. Msichana wangu akasema kwa sauti, "Huyo wa tatu ni mama yangu!" Mwalimu akaangalia ukuta, akamwangalia, akasema, "Wewe, jina la mama yako kwenye rejista si lina L? Usijipachike kwa mama wa watu." Darasa zima likacheka. Yaani miaka yote hiyo natafuta mtu wa kujua kwamba jina langu lina L, na siku anapopatikana ni wa kumwita mtoto wangu mwongo.

Alirudi nyumbani akavua sare, akaikunja, hakuniambia kitu mpaka nilipomlazimisha. Kisha akaniuliza, "Mama, lakini ulishinda kweli?"

Jamani. Si watu wa shule. Yeye.

Nikaenda kwa kamati. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, mstaarabu, mkaidi kama msumari.

"Una ushahidi?" akaniuliza.

"Nina blanketi." Nikalitoa kwenye mfuko, nikalikunjua mezani kwake.

"Blanketi hata mimi ninalo kwangu."

"Hili ni la mbio."

"Limeandikwa?"

"Kwani blanketi huandikwa, mama?"

"Ukuta umeandikwa," akasema. "Nenda ulete karani."

Karani alikuwa amestaafu, amehamia shambani kwake, na wapi? Gatuanyaga. Ilikuwa mwaka ule wa mvua ya Elnino, na ile barabara niliyoijua kwa vumbi ilikuwa uji. Mbuzi wangu alikuwa ameshakufa, na nilimkumbuka kwa uchungu kidogo. Nilifika kwa karani matope yakiwa magotini.

"Karibu, karibu! Wewe si ndiye urishinda na viatu mkononi?"

Alikumbuka kila kitu! Raba, wino, mpaka sufuria. Moyo wangu ukatua. Akafungua sanduku la bati, akatoa daftari lenyewe, kumbe kamati ilimrudishia, akalamba kidole, akafungua.

"Hiri hapa. Mwaka wa tatu, wa kwanza." Akasoma jina. "Si ni wewe?"

"Si mimi, mzee. Hilo lina R."

"Ndio, rina er."

"Langu lina L."

"Si ndio nasema? Er."

"Er gani, mzee?"

"Er ya rori."

"Lori ya L ama rori ya R?"

Akavua kofia. "Rori ni rori, mama! Kwani kuna rori ngapi?"

Mke wake alikuwa jikoni anasikia, akacheka mpaka akaangusha mwiko. "Haiya! Er ya rori, er ya redio, zote si er? Mpatie chai huyu mtu!"

Nikanywa chai. Nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi la meza: mti uliosimama na kiatu chini, hiyo ni L. Akaangalia sana, akaitikia kwa kichwa, akasema amenielewa kabisa, na makosa yake atayarekebisha kama mwanaume. Akaniandikia barua nzuri, na sahihi, na tarehe. Nikaifunga, bila kuisoma, kwenye karatasi ya nailoni nisiiloweshe, nikarudi nayo Thika nimeikumbatia kama mtoto.

Mwenyekiti akaisoma kwa sauti mbele ya kamati. "Mimi niliyekuwa karani wa mbio nathibitisha kwamba aliyeshinda mwaka wa tatu si Fulani, ni Fulani."

Akaisoma tena, pole pole.

"Mama," akasema, "ni Fulani yule yule."

Alikuwa ameandika R zote mbili, juu na chini. Si R, ni R. Nilitaka kulia na nilitaka kumchapa mtu, na wa kumchapa hakuwepo, kwa sababu ukweli ni kwamba karani alinipenda na alifanya kila nililomwomba.

Ikabaki njia moja. Nikaenda Mwihoko.

Mama Mapacha alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharagwe kwenye ungo. Pale plotini, kwenye vyumba vya kupanga, nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kusimama. Hakushangaa kuniona.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilidhani utakuja mapema."

"Ulijua na ukakaa kimya?"

"Mimi sikwenda kwa fundi na brashi ya rangi. Waliandika wenyewe. Halafu wakanitumia barua, ati mshindi wa zamani, njoo upeperushe bendera. Ningesema nini? Miaka yangu yote hakuna mtu aliwahi kuniita mahali isipokuwa kuchuma."

"Ungesema hukushinda."

"Wewe una blanketi, mwari wa maitu." Dada yangu, aliniita hivyo, kwa Kikuyu, na hakuwa ananitania. "Una masufuria. Mimi nina ukuta tu. Na hawa wangu wawili wametangaza mtaa mzima. Niwaambie nini?"

"Na wangu ameitwa mwongo mbele ya darasa. Mimi nimwambie nini?"

Akaacha maharagwe. Jirani mmoja ndani akaacha hata kukohoa. Kisha Mama Mapacha akauliza, "Mwongo?"

"Mwongo. Na sasa hata yeye haniamini."

Alinijazia maharagwe kwenye kitambaa, akafunga fundo, akanisindikiza mpaka barabarani, na hakusema ndiyo wala hapana. Nilirudi Thika nikimtukana kimoyomoyo, na maharagwe yake nikayapika.

Lakini kwenye mkutano wa kamati kabla ya mbio za mwaka ule, mlango ukafunguliwa, akaingia. Alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Hakungoja kukaribishwa.

"Mwaka wa tatu mimi nilifika wa kumi na tisa," akasema. "Na nilikuwa natembea. Wa kumi na nane alikuwa na mimba. Aliyeshinda ni huyu. Badilisheni."

Akaketi. Akaweka kibeti chake magotini. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaandika: irekebishwe, R iwe L. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama siku ile ya barabara tupu. Nikamwambia msichana wangu, Jumamosi, siku ya mbio, tunaenda kusoma ukuta, vaa vizuri.

Jumamosi tukaenda. Rangi ilikuwa bado inanata.

Fundi alikuwa ameambiwa abadilishe R iwe L. Mstari wa tatu ulikuwa na R mbili. Alibadilisha ya kwanza.

Msomaji, unaelewa? Akagusa jina la kanisani, ambalo halikuwa na shida, akaliwekea L ambayo hakuna Mkristo yeyote duniani anayo. Na kule katikati, ile R ya Mama Mapacha imeketi pale pale, nyeusi, imenenepa. Sasa mshindi wa mwaka wa tatu ni mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa.

Nikamkimbilia mwenyekiti. Alikuwa anahesabu vikombe vya chai ya wageni.

"Mama, si ulitaka L? L umepewa."

"Si hiyo!"

"Mama, tafadhali. Watu wako barabarani, rangi imekwisha, na fundi amekwenda kwao."

Mama Mapacha naye akaja, akasimama kando yangu, akasoma kwa mdomo bila sauti. "Sasa mimi nimepoteza," akasema, "na wewe hujapata. Nani ameshinda?"

Msichana wangu alikuwa anaangalia ukuta, kisha mimi, kisha Mama Mapacha, kama mtu anayehesabu.

Mbio zikaisha, wageni wakaketi, na kijana wa kipaza sauti akaanza kusoma historia. Alikuwa kijana wa hapo hapo Ruiru, sauti nzuri, ulimi wa nyumbani. Mwaka wa kwanza, akasoma, yule mama wa kahawa akasimama akapigiwa makofi. Mwaka wa pili, akasoma. Mwaka wa tatu, akainama kwenye karatasi, ambayo ilinakiliwa kutoka ukutani asubuhi ile, na ile L ya fundi ilipopita mdomoni mwake ikatoka R, safi kabisa, na R iliyofuata ikabaki R.

Mimi nikasimama, kwa sababu nimezoea kuitwa hivyo. Mama Mapacha naye akasimama, kwa sababu hilo ni jina lake.

Watu wakatuangalia. Yule kijana akaangalia karatasi. Nyuma kabisa mtu akapiga kelele, "Kumbe ni mapacha!" na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Hakuna kati yetu aliyekubali kuketi kwanza. Tukabaki tumesimama, yeye na kibeti chake, mimi na mikono mitupu, mpaka kijana akachoka kungoja akaendelea na mwaka wa nne.